Madaftari ya chama cha babu: yachomwe au yatunzwe?

Swali: *Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa chama cha kufa na kuzikana hapa Magomeni. Marehemu babu yangu alikuwa mweka hazina wa chama cha ngoma na kusaidiana kule Kariakoo. Tumefungua sanduku lake tukakuta madaftari matatu ya kuanzia 1948 hadi 1961, kitabu cha risiti, katiba iliyopigwa chapa na picha mbili za kikundi. Mjomba anataka tuyachome. Anasema historia ya Dar es Salaam ni ya serikali na TANU, vyama hivi vilikuwa vya kucheza na kula pilau tu. Je, kweli vilichangia lolote katika historia ya mji huu? Na haya madaftari tuyafanye nini?*

Marahaba, mwanangu. Kwanza mnyang'anye mjomba kiberiti, halafu tuzungumze.

Nusu ya maneno yake ni kweli. Vyama hivyo vilicheza, na pilau lililiwa. Anakosea anapodhani kwamba hayo yalikaa upande mmoja na historia upande wa pili. Kwa mtu mweusi wa Dar es Salaam kabla ya 1961, chama ndicho kilichokuwa serikali yake ya karibu. Humo alichagua kiongozi na kumwangusha, alitunza fedha za watu na kuulizwa zilikokwenda, alisikiliza mashauri na kutoza faini. Kwingine kote mjini alikuwa mtu wa kuamriwa.

Tazama mji wenyewe ulivyokuwa. Wajerumani walihamishia makao yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na tangu hapo ukagawanywa: Uzunguni, Uhindini, na Uswahilini ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Waingereza walipounda Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1926 hakuwamo Mwafrika hata mmoja. Wa kwanza wawili waliteuliwa mwaka 1945, nao walikuwa machifu: Abdiel Shangali kutoka Uchagani na Kidaha Makwaia kutoka Usukumani. Karani wa Kariakoo, kuli wa bandarini, mpishi wa Oyster Bay au mama muuza maandazi hakuwa na mtu wa kumsemea huko. Uchaguzi wa kwanza wa baraza hilo ulifanyika 1958 na 1959, na hata huo ulikuwa na masharti ya kisomo, kipato au kazi ambayo wengi hawakuyafikia. Sasa jiulize: watu walioupata Uhuru 1961 wakajua mara moja kuendesha mkutano, kuandika muhtasari na kukagua hesabu, walijifunzia wapi?

Mwanzo wa yote ni maiti. Mtu ametoka Rufiji, Ulanga, Kilwa au Unyamwezi, amepanga chumba Kariakoo, homa ikamchukua. Nani atamwosha, nani atanunua sanda, nani atapeleka habari kwao? Wewe ni katibu wa kufa na kuzikana, hili sina haja ya kukueleza. Vyama vya watu wa asili moja vilizaliwa hapo, na Umoja wa Wazaramo ukawa miongoni mwa vikubwa kabisa. Wapishi na madobi wa majumbani mwa Wazungu nao walikuwa na chama chao. Ukishakuwa na mfuko wa mazishi unahitaji mweka hazina, mweka hazina anahitaji daftari, na daftari linahitaji mtu wa kulikagua.

Ngoma nazo zilikuwa na mpangilio wake. Beni, ngoma ya kuiga bendi na gwaride la kijeshi, ilianzia pwani ya Kenya, ikasambaa na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza. Hapa Dar es Salaam palikuwa na vyama viwili vilivyoshindana, Marini na Arinoti, na mara nyingi makarani na watu wa kujiona walikuwa Marini, watu wa kazi za mikono Arinoti. Walivaa sare, walipeana vyeo vya kijeshi, walishindana kwa mavazi, matari na karamu. Wakoloni wengine walicheka wakaona ni kuiga, wengine wakaingiwa na wasiwasi, maana matawi ya miji mbalimbali yalikuwa yakiandikiana barua. Hao wenye wasiwasi naona ndio waliokuwa na akili zaidi. Chama kinachoweza kupeleka habari kutoka mji hadi mji bila kupitia kwa bwana shauri, yaani mtawala wa kikoloni wa wilaya, si mchezo.

Mwaka 1929 ikaundwa African Association hapa mjini. Rais wake wa kwanza alikuwa Cecil Matola, katibu Kleist Sykes. Kabla yake, mwaka 1922, Martin Kayamba alikuwa ameanzisha chama cha watumishi wa serikali kule Tanga, kwa hiyo mbegu ilikwishakuwapo. Kleist alizaliwa Pangani mwaka 1894, mtoto wa askari aliyeletwa na Wajerumani kutoka kusini mwa Afrika, na aliacha maandishi akieleza kwamba wazo la kuwaunganisha Waafrika alilipata alipokutana na Dk. Aggrey, msomi wa Gold Coast aliyepita hapa mwaka 1924. Wanachama walijenga nyumba yao New Street kwa kujitolea, siku ambazo hawakuwa kazini. Gavana Symes ndiye aliyeifungua, mwaka 1933. Mwaka huohuo ikaundwa jumuiya ya Waislamu, Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, na Kleist huyohuyo alikuwamo. Usishangae: mtu mmoja alikuwa na kadi za vyama vitatu au vinne, na alichojifunza hapa alikipeleka kule.

Nyumba ile ya New Street ndiyo iliyokuja kuwa ya TAA, jina la baadaye la African Association, na humo ndimo TANU ilimozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mtaa leo ni Lumumba, na ofisi ndogo ya CCM iko palepale. Mwaka mmoja nyuma, Aprili 1953, Julius Nyerere alikuwa amechaguliwa kuwa rais wa TAA katika ukumbi wa Arnautoglu, akimshinda Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist. Mwalimu wa shule ya Pugu, mgeni mjini, alichaguliwa kwa kura na wanachama wa chama kilichokuwa na umri wa karibu robo karne, na matokeo yakakubaliwa. TANU haikuanza na karatasi tupu. Ilirithi nyumba, matawi, watu na mazoea ya kukutana. Mjomba akisema historia ni ya TANU, muulize TANU ilipangishwa na nani.

Sehemu ninayotaka uishike zaidi ni ya wanawake, kwa sababu chama cha babu yako kilikuwa cha ngoma na hapo ndipo madaftari yako yanapoweza kusema jambo geni. TAA ilikuwa chama cha wanaume. TANU nayo mwaka wake wa kwanza haikuwa na la kuonyesha kwa upande wa wanawake, mpaka 1955 alipokuja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza kitengo cha wanawake kiko wapi. Wakubwa wakatazamana. Aliyetafutwa ni Bibi Titi Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, ambaye mjini alijulikana kwa sauti yake: alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bombay.

Bibi Titi hakuanza kugonga mlango kwa mlango akihubiri siasa. Aliwafuata viongozi wa vikundi vya ngoma. Vikundi vya lelemama, ngoma ya wanawake, na vinginevyo vilikuwa na ngazi kamili, mkubwa wao akisema jambo linashuka hadi kwa mwanachama wa mwisho kwa siku moja. Vilikuwa na sare, vilikuwa na mfuko, vilizoea kuandaa shughuli ya watu mia kadhaa bila kuomba ruhusa ya mume wa mtu. Wengi wao walikuwa wanawake wa makamo, wenye kipato chao kidogo cha maandazi, vitumbua au pombe, wengine wana nyumba zao wenyewe za kupangisha. Hawakuwa na cheo cha kuogopa kunyang'anywa. Karani wa serikali alikatazwa kujiunga na TANU, na akijiunga kazi ilikuwa hatarini. Muuza vitumbua angefukuzwa na nani? Miezi michache tu baadaye wanawake waliokata kadi walihesabiwa kwa maelfu. Wapo walioandika kwamba Bibi Titi aliwaamsha wanawake wa Dar es Salaam. Mimi nasema walikuwa macho muda mrefu, na wamepangwa, na yeye alijua kwa kupitia.

Kwa hiyo kama chama cha babu kilikuwa na wanachama wanawake, tazama miaka ya 1955 hadi 1958. Je, idadi yao inapanda au inashuka? Je, michango inaanza kwenda kwenye "mkutano" au "mgeni" usiotajwa jina? Tazama pia katiba. Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya vyama mwaka 1954 ikitaka kila chama kisajiliwe, hata matawi, na TANU ilinyimwa usajili wa matawi sehemu kadhaa kwa kutumia sheria hiyo. Katiba yenu ikiwa ya baada ya hapo itakuwa na namba ya usajili, na pengine masharti ambayo wazee hawakuyapenda ila waliyaandika ili wapite. Sheria ya Vyama ambayo nyinyi wa Magomeni huenda mmesajiliwa chini yake, Sura ya 337, ndiyo ileile, ikiwa imerekebishwa.

Mpira na dansi nitavipitia haraka kwa kuwa kila mtu wa Dar anavijua zaidi yangu. Yanga ni ya 1935. Simba ilianza 1936 kwa jina la Queens, ikapita majina mengine likiwamo Sunderland kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971. Zote zilikuwa klabu za wanachama wa Kariakoo, wenye kadi, ada na mikutano ya kugombana. Bendi za zamani pia zilikuwa vyama: Dar es Salaam Jazz ilikuwapo tangu miaka ya thelathini, Western Jazz jina lake linatuambia waanzilishi wametoka magharibi, Unyamwezi. Vyombo vilikuwa mali ya klabu, mwanamuziki akiondoka aliacha gitaa nyuma. Kwenye taarabu mlikuwa na Egyptian na Al-Watan, na ushindani wao ulitosha kuvunja ndoa.

Sasa nikurudishe chini kidogo, usije ukaenda kumwambia mjomba kwamba babu ndiye aliyeleta Uhuru. Vyama viligawa watu vilevile vilivyowaunganisha. Uzunguni klabu zilikuwa za Wazungu, Mwafrika aliingia akiwa amebeba sinia. Ndani ya Jamiatul Islamiyya wenyeji wa pwani na Wamanyema waligombea uongozi kwa uchungu. Yanga ilipasuka mwaka 1976 ikazaa Pan African. Fedha ziliibwa, na bila shaka madaftari mengi yalipotea kwa sababu hiyo, kupotezwa na yule aliyetakiwa kuyaonyesha. Ukikuta ukurasa umechanwa vizuri kwa rula, usidhani ni mchwa.

Na baada ya Uhuru, vyama vilipungua nguvu kwa mkono wa serikali yetu wenyewe. Umoja wa makabila haukutakiwa tena. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilivunjwa mwaka 1964 baada ya maasi ya wanajeshi, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi chini ya serikali. Jumuiya ya Waislamu ya Afrika Mashariki, EAMWS, ilipigwa marufuku 1968, mwaka ambao BAKWATA iliundwa. Hata bendi zikahamia kwenye mashirika: NUTA Jazz, bendi za majeshi, za viwanda. Sababu zilitolewa na baadhi zilikuwa na uzito, nchi changa iliogopa kugawanyika. Hasara yake ni kwamba chama kikifa, karatasi zake haziendi popote. Zinabaki chini ya kitanda cha mweka hazina.

Hapo ndipo thamani ya sanduku lako ilipo. Nyaraka za Taifa pale Upanga zina mafaili ya wakoloni kuhusu vyama vya Waafrika, lakini hayo yameandikwa na mtu aliyekuwa akichungulia dirishani. Yanasema nani anashukiwa. Hayasemi nani alichelewa ada kwa sababu mtoto alikuwa anaumwa. Tunaijua African Association kwa undani kwa sehemu kubwa kwa sababu karatasi za Kleist Sykes zilibaki nyumbani baada ya yeye kufa mwaka 1949, na mjukuu wake, Daisy, akazitumia kuandika maisha yake katika kitabu cha wasifu wa Watanzania alichohariri John Iliffe, kilichotoka 1973. Karatasi zile zingechomwa tungebaki na maneno ya polisi.

Nimeitazama kwa makini picha ya ukurasa uliyonitumia. Wino wa zambarau, mistari imepigwa kwa mkono, safu tano: jina, mtaa, kiingilio, ada, deni. Watu watatu mbele ya majina yao pameandikwa "amehamia Magomeni". Pembeni kuna faini ya senti 50 kwa "kupiga kelele mkutanoni". Mwanangu, ukurasa huo mmoja una mambo mengi. Safu ya mtaa inaonyesha watu wa Kariakoo wanavyohamia nyumba mpya za Magomeni, wakiwa bado wanarudi kulipa ada kulekule. Faini inaonyesha mkutano ulikuwa na utaratibu na mwenyekiti alikuwa na meno. Safu ya deni, ukiijumlisha mwezi kwa mwezi, itakuambia lini kazi ilikuwa haba mjini, hasa kama wanachama wengi walikuwa wa bandarini; mwaka 1950, kwa mfano, makuli waligoma, pakatokea fujo na chama chao kikafutwa. Tazama miezi hiyo kabla ya miezi mingine. Kisha linganisha tarehe za shughuli kubwa na magazeti ya wakati huo, Mambo Leo, Zuhra, na baadaye Mwafrika, ambayo utayatafuta Maktaba ya Chuo Kikuu pale Mlimani. Vyama vilipenda kutangaza karamu zao, na kulalamikiana kwa mashairi.

Kuhusu kuyatunza. Usiyaanike juani, hata kama yananuka ukungu. Yaweke kivulini penye upepo, ukifungua kurasa chache kwa zamu. Wino wa zambarau unakimbia ukiguswa na maji, kwa hiyo usipanguse kwa kitambaa kibichi. Pini na klipu zenye kutu zitoe polepole. Usibandike utepe wa gundi palipochanika, usipeleke kwenye laminesheni, na usipulizie dawa ya mende juu ya karatasi. Mfuko wa plastiki katika joto la Dar ni kiwanda cha ukungu. Bahasha za karatasi ndani ya boksi gumu, juu ya kabati lililo mbali na ukuta unaovuja, zinatosha.

Halafu piga picha kila ukurasa kwa simu, kuanzia jalada hadi jalada, pamoja na kurasa tupu. Kaa karibu na dirisha, bila flashi, simu ikiwa sambamba na karatasi. Andika namba za kurasa kwa penseli pembeni, kidogo. Nakala moja ibaki kwako, nyingine ikae kwenye simu au kompyuta ya ndugu anayeishi nyumba nyingine.

Picha za kikundi zishughulikie wiki hii, kabla ya madaftari. Madaftari yanaweza kusubiri mwaka. Bibi wa miaka tisini anayewajua waliosimama mstari wa nyuma hawezi. Mpelekee nakala kubwa, mwulize jina kwa jina kutoka kushoto, rekodi sauti yake kwa idhini yake, na majina uyaandike kwenye karatasi ya pembeni, si nyuma ya picha. Usimwulize "historia ya chama" maana atakupa hotuba. Mwulize sare ilikuwa rangi gani, nani alishona, nani alikosana na nani. Mengine yatafuata.

Jambo moja ambalo wengi hulisahau: madaftari hayo yana madeni na aibu za watu ambao wajukuu zao ni majirani zako. Soma yote wewe kwanza kabla hujaweka picha hata moja kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Na mtafiti yeyote atakayekuja, awe wa hapa au wa ng'ambo, muonyeshe nakala, asiondoke na daftari "kwa wiki moja". Mkiamua kukabidhi asili kwa Nyaraka za Taifa au Chuo Kikuu, fanyeni hivyo kwa maandishi, kwa jina la familia, mkitaja idadi ya madaftari na kurasa, nani aruhusiwe kusoma na tangu lini, na nyinyi mbaki na nakala kamili. Wewe unajua kuandika muhtasari. Hiyo barua iandike mwenyewe, na wakubali kuitia saini kabla sanduku halijatoka nyumbani.